Mama alisema asitiwe mipira, na mimi ndiye niliyekubali atiwe. Nifanyeje?

BintiKibokoni, Jumanne, saa 5:12 usiku

Assalaam aleikum, na shikamooni wakubwa. Nimeandika na kufuta mara tatu. Sasa naandika yote, niyaache hapa.

Mamangu ana miaka 81. Presha na sukari amekaa nazo muda mrefu, na mwaka juzi alipata kiharusi kidogo akainuka, mguu wa kulia ukabaki wa kuburura. Siku 11 zilizopita aliangushwa na kiharusi cha pili hapo uani, akitia udhu wa Isha. Damu ilivujia ndani ya kichwa. Tukamkimbiza hospitali moja ya kibinafsi hapa kisiwani Mombasa, sitaji jina. Saa 8 usiku daktari akatoka mlangoni akaniambia, "Anashindwa kupumua, tunataka kumtia mpira wa kooni tumweke kwenye mashine. Unakubali?" Nilikuwa peke yangu, nimeshika buibui lake na viatu vyake. Nikasema nakubali. Nikatia sahihi hata sikusoma.

Neno linalonila ni hili. Miaka saba nyuma mama mkubwa alilala ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wiki tano, ana mpira mdomoni, mwingine puani, mwingine wa mkojo, hadi akafa bila kusema neno. Mama alikuwa akienda kila siku. Miezi michache baadaye tulikuwa jikoni, mimi na yeye, twatunga asmini za harusi ya jirani. Hakuinua hata uso. Alikata uzi kwa meno, akasema: "Wewe Mungu akikuweka, mimi yakinifika msinitie mipira. Nitieni maji mdomoni, mnisomee Yasini, mniache niende na uso wangu." Nikamwambia, mama, maneno gani hayo, wacha. Nikaenda kuepua chai iliyokuwa ikifurika. Basi. Hakuna mwingine aliyesikia, na hakuna karatasi.

Jana daktari alitukusanya. Anasema mpira wa mdomoni haufai kukaa zaidi ya wiki mbili hivi, wataka kumtoboa koo watie mwingine hapo. Tena anauliza, moyo ukisimama, wamkandamize kifua au wasimkandamize? Anasema ubongo umeumia sana, huenda asitujue tena, lakini haujafa wote, kwa sababu kuna pumzi anazozivuta mwenyewe juu ya zile za mashine.

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat. Yeye asema kila kitu kifanywe, pesa si neno. Mdogo wetu ameshauza tuktuk yake, bili imefika Sh740,000, na yeye hasemi kitu, hukaa tu pale kwenye benchi akitazama simu iliyozimwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuosha mama miaka hii miwili. Nikifungua kinywa, nachelea watasema nimechoka naye.

La mwisho. Siku ya nne mama aliuvuta mpira kwa mkono wa kushoto, ndio pekee unaosogea. Sasa wamemfunga mkono huo kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda. Kucha zake zina hina ya Idi, imeanza kuachana na nyama, kuna mstari mweupe mwembamba chini ya kila ukucha. Nakaa nautazama mkono ule najiuliza, je, alikuwa akinijibu?

Nikiyasema maneno ya jikoni, nitakuwa nimemuua mamangu? Na nikinyamaza, nitakuwa nimeila amana yake?

---

AbuRehema, Jumanne, saa 5:40 usiku

Wa aleikum salaam. Dada, usijitese. Suala hili lilishakatwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Amman, Jordan, Oktoba 1986, likaamua kwamba ubongo ukifa kabisa, na madaktari wajuzi wakathibitisha kwamba haurudi, yafaa mashine kuondolewa hata kama moyo ungali wapiga kwa nguvu ya mashine. Mwambie daktari atoe. Allah amrahisishie.

---

NesiZamuYaUsiku, Jumatano, saa 12:25 asubuhi

Nimetoka zamu sasa hivi, niko kwenye matatu naelekea Bamburi, mnisamehe makosa ya vidole.

AbuRehema, uamuzi huo ni kweli upo, lakini haumhusu mama huyu. Dada ameandika wazi kwamba kuna pumzi anazozivuta mwenyewe. Ubongo uliokufa hauvuti hata pumzi moja, na kipimo chenyewe cha kuthibitisha ni hicho: mashine hunyamazishwa dakika kadhaa huku mgonjwa akipewa oksijeni, tukatazama kifua. Kikisogea, ubongo haujafa. Mama yuko hai. Kwa hiyo swali la dada ni gumu kuliko ulivyolichukulia, ni la mtu aliye hai ambaye mwili wake hautarudi ulipokuwa.

Sasa dada, nimefanya kazi ICU miaka 14. Kwanza huo mkono. Karibu kila mgonjwa mwenye mpira kooni huuvuta, hata kijana ambaye kesho kutwa ataamka na kutushukuru. Koo hukereka, mkono huenda wenyewe. Usiufanye kuwa jawabu, wala usikeshe kwa sababu yake. Mamako alishakujibu jikoni, akiwa na akili zake timamu, ameshika sindano, baada ya kuona kwa macho yake mipira ni kitu gani wiki tano nzima. Wengi wanaoniambia "nifanyieni kila kitu" hawajawahi kuona kila kitu ni nini. Yeye aliona.

Na kule kukubali saa 8 usiku hukukosea. Pale hakuna aliyejua damu ni kiasi gani. Mpira ulinunua siku za kutazama. Mmetazama siku 11. Kinachoulizwa sasa si kile ulichoulizwa usiku ule.

Kuhusu kukandamiza kifua: mimi hukandamiza. Kwa mtu wa miaka 81 mwenye mifupa ya umri huo, mbavu huvunjika, nazisikia chini ya viganja vyangu. Na moyo ukisimama kwa sababu ubongo umeshindwa, kuurudisha ni kuurudisha kwenye ubongo uleule. Hii ndiyo sababu daktari anauliza mapema, mchana, nyote mkiwa mmekaa. Huyo ni daktari mzuri.

Sheria: Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kukataa tiba baada ya kuelezwa matokeo yake. Akiwa hawezi kusema, na hakuna aliyemwandikia mamlaka, wanaulizwa jamaa wa karibu. Kumdunga mtu dawa ili afe ni kosa la jinai, hakuna nesi wala daktari atakayekugusia hilo. Kutomtoboa koo, na kutoa mpira usiomponya huku tukimpa dawa ya kuzuia kikohozi na kukabwa, hicho ni kitu kingine.

Muulize daktari hivi, kwa maneno haya: "Mkimtoboa koo, baada ya miezi mitatu mnatarajia nimuone mamangu vipi?" Usikubali ajibu kwa Kiingereza cha vitabuni. Na uombe watu wa tiba shufaa, wale wa kutuliza maumivu na dhiki ya mgonjwa, waje wamuone leo, kabla ya siku ya mwisho. Kuna Coast Hospice hapahapa Mombasa, na wahudumu wao hawashughulikii kansa peke yake.

---

KijanaWaMagongo, Jumatano, saa 2:03 asubuhi

Mimi sikubaliani. Ndugu yangu aligongwa na trela hapo barabarani, madaktari wakatuambia tujiandae. Siku ya 19 alifungua macho. Leo anaendesha bodaboda. Tungesikiliza maneno kama haya tungekuwa tumemzika. Mtoa roho ni Mungu, na mashine Mungu ndiye aliyewapa watu akili ya kuiunda. Dada, usitie neno lako kwenye kifo cha mzazi. Utaishi nalo.

---

NesiZamuYaUsiku, Jumatano, saa 2:30 asubuhi

Kijana, nafurahi kwa nduguyo, kwa dhati. Ndiyo maana mtu aliyegongwa huwa tunamngoja sana. Nduguyo alikuwa na miaka mingapi? Ubongo wa kijana uliotikiswa ukavimba huweza kushuka uvimbe ukarudi. Ubongo wa miaka 81 uliokwisha kupigwa mara moja, ukajaa damu mara ya pili, si jambo hilohilo. Na nduguyo hakuwahi kumwambia mtu jikoni asitiwe mipira.

---

BabaMikindani, Jumatano, saa 7:15 mchana

Pole sana dada. Mimi ni Mkatoliki, lakini nilipitia mlango huohuo na babangu, mapafu, miaka minne iliyopita.

Kijana wa Magongo amesema utaishi nalo. Ni kweli, nami nataka nikuambie naishi na lipi. Mimi nilinyamaza. Baba alinishika mkono akasema anataka kurudi nyumbani Taita afie kitandani mwake, anaona mlima. Ndugu zangu wa Nairobi wakasema tunamtupa. Nikanyamaza ili nisionekane mtoto mbaya. Alikufa Mombasa, siku ya 23, saa 10 alfajiri, hakuna hata mmoja wetu chumbani kwa sababu saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imepita. Tulimpeleka Taita, naam, lakini akiwa kwenye sanduku. Naishi na hilo.

Baada ya mazishi padri alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningefungua kinywa. Novemba 1957, Papa Pius wa 12 aliulizwa na madaktari wa dawa za usingizi kuhusu mashine hizi za kupumulia zilipoanza kuenea. Akajibu kwamba mtu analazimika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, lakini halazimiki kutumia njia zilizopita kiasi, zinazomlemea yeye na walio naye.

Akanisimulia pia habari ya msichana wa Marekani, Karen Ann Quinlan. Alipoteza fahamu mwaka 1975, ana miaka 21. Wazazi wake, Wakatoliki wenzangu, waliomba aondolewe kwenye mashine, hospitali ikakataa, wakaenda hadi mahakama ya juu ya jimbo la New Jersey, ambayo mwaka 1976 iliwakubalia. Mashine ikatolewa. Hakufa. Alipumua mwenyewe hadi 1985, wakimlisha kwa mpira miaka yote hiyo, maana chakula wazazi hawakuomba kikatizwe. Nilikaa na habari hiyo siku nyingi. Nilikuwa nadhani mashine ina kitufe cha kifo na atakayekibonyeza ndiye muuaji. Kumbe wazazi wale walitoa kitu kilichokuwa kikimlemea mtoto wao, mengine wakayaacha mikononi mwa Mungu, na Mungu akachukua miaka tisa.

Kaka yako wa Muscat usimwone adui. Aliye mbali hajaona mkono uliofungwa, anaona namba za bili tu, na bili ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kumshika mama. Mwoneshe.

---

MwalimuWaChuoni, Jumatano, saa 1:50 usiku

Binti yangu, mimi nasomesha chuoni Kisauni, si mufti, na mtafute aalimu mnayemwamini mkae naye. Lakini kwa kuwa swali lako ni la amana, nikukumbushe kisa kimoja. Mwanamke mweusi aliyekuwa akiangushwa na kifafa alimwendea Mtume (S.A.W) amuombee. Akampa hiari: akitaka asubiri na malipo yake Pepo, au akitaka amuombee apone. Akachagua kusubiri. Ila aliomba jambo moja, kwamba akianguka huwa anafunukwa na nguo, basi aombewe asifunuliwe. Akaombewa hilo. Wanazuoni wengi wametoa katika kisa hiki kwamba kujitibu si faradhi kwa kila mtu katika kila hali, hasa tiba isiyotarajiwa kuponya.

Nilipoyasoma maneno ya mamako, "niende na uso wangu", nilimkumbuka mwanamke yule. Hakuomba kifo. Aliomba sitara.

Nawe si wewe uliyechoka naye. Aliyechoka haulizi saa 5 usiku.

---

MamaPacha, Alhamisi, saa 3:20 asubuhi

Nasita kuandika kwa sababu yangu ni ya upande wa pili, wa mwanzo, lakini naona ni mlango mmoja.

Niliwazaa pacha wangu wa wiki 27. Wa kwanza gramu 940, wa pili gramu 810. Ukiwaweka kwenye kiganja kichwa kilikuwa kama ndimu kubwa. Maziwa walipewa kwa mpira wa pua, mililita 2 kwa wakati, nakamua nusu saa kupata kijiko. Siku ya sita daktari akatuita mimi na mume wangu, akatuonyesha picha ya kichwa cha yule mdogo, damu imejaa pande zote mbili. Akasema mashine yaweza kumpumulia, lakini kila siku anachomwa sindano mara nyingi, na ngozi yake inatoka na plasta. Akatuuliza tunataka nini.

Mama mkwe alisema subirini. Mamangu alisema mwacheni apumzike. Kila mtu alikuwa na dini, kila mtu alikuwa na mapenzi. Mimi niliuliza jambo moja tu: "Akitolewa, naweza kumshika?" Maana nilikuwa sijawahi kumshika.

Walimtoa mpira, wakampa dawa ya maumivu, wakamweka kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, nikamfunika leso. Alikaa saa mbili na robo. Alikuwa na jina, tulimuosha, tukamswalia, yuko makaburini na babu yake.

Mwenzake nilimfunga kifuani hivyohivyo wiki saba, ule mtindo wa kangaruu, ulioanzia Bogotá kule Colombia mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Sasa yuko darasa la pili, ananiibia embe.

Nilichotaka kukuambia dada, yule wangu hakuwahi kuniambia anataka nini. Nilikisia, na bado naamka usiku nikikisia. Wewe umeambiwa. Kwa sauti yake, kwa lugha yako. Natamani ningeambiwa.

---

BintiKibokoni, Jumamosi, saa 4:05 usiku

Nimerudi. Nimewasoma wote, wengine nimewasoma kwa sauti kwa mdogo wangu tukiwa kwenye benchi. Kijana wa Magongo, na wewe pia, sikukasirika. Nilihitaji kuulizwa hivyo.

Jana tulikaa na daktari. Nilimuuliza swali la miezi mitatu kama nilivyoandikiwa na nesi. Alinyamaza kidogo, akasema, kwa Kiswahili: "Kitandani, na mpira wa koo na wa tumbo, macho huenda yakafunguka, lakini sidhani yatakuwa yanakutazama wewe." Tulikuwa tumempigia kaka simu ya video, tumeiegemeza kwenye chupa ya maji. Nikamgeuzia kamera kwa mama, mkono ule, kucha zile. Halafu nikasema. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka mdogo wangu akaushika.

Kaka hakusema kitu. Nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Alisemaje hasa? Rudia, usibadilishe." Nikarudia, na uzi, na meno, na Yasini. Nilipofika "mniache niende na uso wangu" alifunika kamera kwa kiganja. Tulimsikia tu. Baadaye akasema kwamba siku anaondoka kwenda Muscat, miaka 22 iliyopita, mama alimsindikiza hadi mlangoni, akamrekebishia kola, akamwambia, "Nenda, na urudi na uso wako." Akasema, "Haya ni maneno yake. Wewe usingeweza kuyatunga."

Tumekubaliana hivi. Kifua hakikandamizwi. Koo halitobolewi. Kaka anafika Jumatatu usiku. Jumanne asubuhi watamtoa mpira, watu wa tiba shufaa wameshakuja mara mbili, wametueleza atapewa mofini kidogokidogo na dawa ya kukausha kohozi, na kwamba yaweza kuchukua dakika au siku. Wametukubalia tuingie sote, na mkono watamfungua. Mwalimu, tumempata aalimu, alikuja hospitalini mwenyewe.

Sijui kama ni sawasawa. Najua ni yake.

Nina swali moja limebaki, la nesi. Nataka kumbandika kikuba, rehani na asmini, kama alivyokuwa akijibandika Ijumaa. Wataniruhusu?

---

NesiZamuYaUsiku, Jumapili, saa 12:40 asubuhi

ICU yenyewe hatukubali maua mabichi, kwa ajili ya vidonda na mapafu ya wagonjwa wengine. Waombe leo wamhamishie chumba cha pembeni kabla ya Jumanne, wodi nyingi hukubali wakati kama huu. Zungumza na sista mkuu wa zamu, usimuulize daktari. Kiwe kidogo, ukibandike kwa pini kwenye leso, usikiweke karibu na pua. Leso iwe safi, ya kwake. Na umpake mafuta midomo mkishautoa mpira, itakuwa imekauka pale plasta ilipokuwa.

---

BintiKibokoni, Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Ahsante. Sista amekubali. Leso nimeshaifua, iko kwenye kamba. Asmini nitazichuma Jumatatu Magharibi zikiwa bado zimefumba, ili zifunguke usiku.